Mbao Zilizoshuka Kibo

 

Leo nataka nikusimulie habari ya mbao mbili nilizozikuta zimetundikwa ukutani, sebuleni mwa nyumba moja njia ya kwenda Tengeru. Nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana na familia ya walimu waliokuja kutoka Norwei miaka mingi iliyopita na ambao sasa ni majirani zetu kabisa. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba, upana wake kama kiganja, urefu wake ukinizidi kimo, na ncha zake zimejikunja kwenda juu mfano wa omo la ngalawa. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa sana kwenye kibuyu. Nikadhani ni pambo. Mwenyeji wangu akaziteremsha, akanikabidhi mkononi, akaniambia, "Hizi ni skii za babu. Alizivaa miguuni kuteleza nazo juu ya theluji kwenda shule."

Nilizigeuza juu na chini. Zilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Upande wa chini ulikuwa na mfereji mwembamba uliochongwa kutoka nyuma hadi mbele, ili mtu anapoteleza aende mbele bila kuyumba. Halafu nikaona jambo ambalo mtoto wa seremala hawezi kulipita. Nyuzi za ubao zilitoka kisiginoni zikaenda moja kwa moja hadi mbele bila kukatika, na pale ncha ilipopinda, nyuzi nazo zilipinda pamoja nayo. Kona ile haikukatwa kwa msumeno. Ubao ulipikwa kwa mvuke hadi ukalegea, ukakunjwa, ukafungwa kwenye umbo lake mpaka ulipokauka na kulikubali.

Baba yangu alikuwa seremala, Mungu amrehemu. Angekuwepo pale, asingetaka hata chakula. Angeketi na ule ubao mpaka jua lizame.

Najua unajiuliza theluji na Arusha wapi na wapi. Sisi tunajua mvua ya mawe inayopiga migomba, tunajua baridi ya mwezi wa saba, na tunajua asubuhi chache ambazo kilele cha Meru huamka cheupe, kisha jua likipanda weupe ule unatoweka. Kuvaa mbao miguuni na kuteremka mlima kwa kasi ya gari si mchezo wa kwetu. Lakini ngoja nikwambie jambo lililotokea jirani, mahali ambapo ukisimama Usa River alfajiri hewa ikiwa safi unapaona kwa macho yako.

Mwaka 1912, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, hadi juu kabisa. Walikuwa kundi la nne kufika pale, la kwanza likiwa la Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Furtwängler huyu alikuwa ndugu wa Wilhelm Furtwängler, aliyekuja kuwa mmoja wa viongozi mashuhuri wa okestra duniani. Walipomaliza kutazama dunia kutoka juu, walishuka juu ya theluji ya Kibo kwa skii. Skii za wakati ule zilikuwa za mbao. Kampuni za plastiki ya michezo hazikuwapo, na nyuzi za kioo hakuna aliyezifikiria kwa kazi hiyo. Ulikuwa ubao mmoja mzima wa mti, uliochongwa kwa randa, ukapikwa ncha, ukapakwa lami ya msonobari chini ili usinywe maji. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kazi ya mkono wa seremala iliteleza juu ya paa la Afrika.

Nikilifikiria jambo hilo naona picha nyingine nyuma yake. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka mmoja tu kabla. Baada ya reli ni miguu, na mizigo ya wapandaji wa siku zile ilipanda mabegani mwa watu wa huku. Leo kule juu kuna mto wa barafu unaoitwa Furtwängler. Kuna mingine inayoitwa Rebmann, Kersten, Heim, Decken, Penck, Uhlig. Soma ramani ya Kibo uone kama utakuta hata kipande kimoja cha barafu chenye jina la mpagazi. Hili linaniuma, na nalisema waziwazi, kwa sababu mpaka leo vijana wetu wa Machame, Marangu na hapa Arusha wanabeba mizigo ile ile juu ya mlima ule ule.

Mwaka huo huo wa 1912, Wajerumani wengine wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa Kilimanjaro wakipiga picha na kupima ili kuchora ramani. Kazi yao ndiyo inayotuwezesha leo kujua barafu ya mlima ilikuwa na ukubwa gani: kilomita za mraba 12 hivi. Wanasayansi walipolinganisha na hali ya mwaka 2007, walikuta asilimia 85 ya barafu ile imekwisha. Mto wa barafu wenye jina la Furtwängler sasa umebaki vipande. Wazee wetu wa Kimeru na Kichaga hawakuhitaji ramani kulijua hilo. Walikuwa wakitazama mlima kila asubuhi wanapofungulia ng'ombe, wakauona ukivuliwa kofia taratibu.

Kwa hiyo ninapozungumzia skii leo, msikilizaji, nazungumza nikiwa upande wa watu waliopoteza theluji mapema. Na huko Ulaya, kwenye milima ya Alps, watu wa skii wameanza kuona kile tulichokiona sisi. Theluji inachelewa kuja, inaondoka mapema, na vituo vya skii vilivyo chini milimani vinatengeneza theluji kwa mashine. Katika hofu hiyo, baadhi ya mafundi wao wamejiuliza swali la haki kabisa: tunawezaje kuilalamikia theluji inayoyeyuka huku tukiiteleza kwa vifaa vya mafuta ya petroli ambavyo baada ya misimu michache tunavitupa?

Maana ubao mtupu wa mti uliachwa kidogo kidogo. Kwanza ubao mmoja ulitoa nafasi kwa mbao za tabaka, vipande vilivyogundishwa pamoja. Wanorwei walifanya hivyo miaka ya 1930 na skii walizoziita Splitkein. Kabla ya hapo, Rudolf Lettner wa Salzburg alikuwa amepigilia kingo za chuma pembeni mwa ubao ili ukate barafu badala ya kuteleza ovyo. Mwaka 1950 Mmarekani Howard Head, mtu aliyetoka kwenye kazi ya kuunda ndege, akaleta skii za alumini. Miaka ya 1960 zikaja nyuzi za kioo. Chini ukawekwa utando wa plastiki ngumu, katikati, kwa skii za bei nafuu, likamiminwa povu la kemikali, na vyote vikagandishwa kwa gundi isiyoachia. Matokeo yake ni kitu chepesi, chenye kasi, kinachotengenezwa kwa maelfu, lakini kikivunjika hakitenganishwi. Chuma kimeshikana na plastiki, plastiki imeshikana na kioo, kioo kimeshikana na rangi. Huwezi kukiyeyusha na huwezi kukifukia bustanini kioze. Kinaishia jalalani au kwenye tanuri la taka.

Hata ile nta inayopakwa chini ili kuongeza kasi ilikuwa na kemikali za florini zisizooza kabisa, zinazobaki kwenye theluji, kisha mtoni, kisha kwenye damu ya viumbe. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilizipiga marufuku kwenye mashindano yake kuanzia msimu wa mwaka 2023 kuelekea 2024. Sisi tunaokunywa maji yanayotoka Meru, ambayo yamejaa florini ya asili mpaka meno ya watoto wetu yanabadilika rangi, jina hilo tunalijua. Ingawa ile yetu ni ya miamba na ile yao ni ya kiwandani, na si kitu kimoja, mtu wa Arusha akilisikia neno lile hushtuka.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Skii ya kisasa ya mbao si ubao mmoja kama ule wa babu wa Norwei. Fundi huanza kwa kuchagua mti. Huko kwao wanaupenda mti uitwao ashi kwa sababu unapinda na kurudi, na mti uitwao poplari kwa sababu ni mwepesi. Wengine hutumia mianzi. Huupasua kuwa fito ndefu, nyembamba kama rula ya mwanafunzi. Kisha hufanya jambo ambalo seremala mzuri wa Ngarenaro akitengeneza uso wa meza hulifanya pia: fito moja huigeuza hivi, ya pili huigeuza vile, ili ile inayotaka kujikunja kulia izuiwe na jirani yake anayetaka kujikunja kushoto. Zinagundishwa, zinabanwa, zinaachwa. Hapo una moyo wa skii.

Moyo huo hupigwa randa mpaka uwe mnene katikati, pale mguu unapokaa, kiasi cha milimita kumi na kitu, na mwembamba kuelekea ncha zote mbili, milimita mbili hivi. Huu ndio mtihani. Ukizidisha unene, skii inakuwa ngumu kama gongo na inamtupa mtu. Ukipunguza mno, inalegea, inatetemeka kama jani. Na hizo mbili, ya kulia na ya kushoto, lazima zipinde sawasawa, la sivyo mteremkaji atakuwa anavutwa upande mmoja mlima mzima. Fundi aliyebobea huweka ubao juu ya vigingi viwili, anaubonyeza kwa kiganja katikati, anasikiliza unavyorudi. Kipimo kipo, mashine ipo, lakini kiganja kinaulizwa kwanza.

Baada ya hapo moyo unavishwa. Wale wanaotafuta njia safi zaidi wanaweka kitambaa cha kitani mahali pa nyuzi za kioo, au pamoja nazo. Kitani ni nyuzi za mmea, ile ile inayofumwa nguo, na ina sifa ya kumeza mtetemo. Gundi nayo sehemu yake hutengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya karatasi na mafuta ya mimea. Kule Salt Lake City, Marekani, kampuni iitwayo WNDR Alpine ilianza kutengeneza sehemu ya kiini cha skii zake kwa mafuta yanayozalishwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho. Juu kabisa, mahali ambapo wengine wanachapa michoro ya kung'aa ya plastiki, hawa wanaweka ganda jembamba la mbao halisi, lililopakwa mafuta, ili kila jozi iwe na sura ya mti wake. Mwisho kila kitu huingizwa kwenye mashine ya kubana yenye joto, na skii inatoka ikiwa na mgongo, imeinuka kidogo katikati kama upinde uliolazwa chini. Ukisimama juu yake inalala. Ukinyanyua uzito inainuka.

Nisikudanganye: kingo za chuma bado zipo, na utando wa chini kwa sehemu kubwa bado ni plastiki, kwa sababu hakuna mti uliokwisha kupatikana wa kushindana nao kwenye theluji ya mteremko mkali. Kuita kitu hicho rafiki wa mazingira ni kusema kimepunguza madhara. Mimi naliona hilo ni jambo la heshima. Mtu anayesema amepunguza namwamini zaidi kuliko anayesema amemaliza.

Ila kinachonivuta zaidi ni kwamba mti haukuachwa kamwe hata kwenye skii za mashindano makubwa. Wakati Philip Boit wa Kenya aliposimama kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, mwana wa Bonde la Ufa aliyejifunza theluji ukubwani, akamaliza kilomita kumi akiwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie, skii zilikuwa zimekwisha kuwa kazi ya maabara. Miaka ishirini baadaye, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, Sabrina Simader, binti mwenye asili ya Kenya aliyekulia Austria, aliteremka kwa skii zenye kasi ya kutisha. Ukizikata skii za mbio za namna hiyo katikati, kati ya bamba za metali na nyuzi za kioo, aghalabu utakuta mbao. Sababu yake ni ya msingi: ubao ukipindwa mara elfu kumi, bado unakumbuka unatakiwa kurudi wapi. Povu la kemikali huchoka. Mti ulio hai umefanya kazi hiyo tangu mche, unapindwa na upepo kila siku na kila siku unarudi.

Elimu hii hatuna haja ya kuiazima. Nenda Ziwa Eyasi, mkoa wetu huu huu wa Arusha, utazame Mhadzabe anavyotengeneza upinde. Hakati tawi lolote linalopita mbele yake. Analichagua, analichonga, na mshale wake anaupasha kwenye moto, kisha anaunyoosha kwa kuung'ata na meno huku jicho likipima. Upinde na skii ni ndugu. Vyote viwili ni ubao uliofundishwa kupinda bila kuvunjika na kurudi bila kusita. Au njoo karibu zaidi, hapo shambani kwako, ushike mpini wa jembe. Bibi yangu upande wa Nkoaranga hakukubali mpini wa mti wowote. Alisema mpini mbaya unaleta maumivu ya kiwiko, kwa sababu unapeleka pigo la ardhi moja kwa moja kwenye mfupa badala ya kulimeza njiani. Basi ujue kwamba ule mti wa ashi wa Ulaya, kabla na baada ya kuwa skii, ulikuwa mti wa mipini ya majembe, shoka na magurudumu ya mikokoteni. Mkulima wa Norwei alichagua mti wa skii kwa kiwiko chake kama bibi yangu.

Na kila mti una kazi yake. Mpingo wetu, ule unaopelekwa Ulaya kutengenezwa klarineti na zumari, ukiutupa majini unazama. Uzito ule na ugumu ule vinaupa sauti isiyo na mfano, lakini ukiufanya skii utakuwa umejifunga mawe miguuni. Nautaja mpingo kwa sababu nyingine. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro, pamoja na Mmarekani James Harris, walianzisha mradi wa kuupanda mwaka 1996, wakati wengi walikuwa bado wanaukata tu. Na vijiji vya Kilwa mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe, wa kwanza kufanya hivyo Afrika. Kitu kizuri cha mbao kinaanza msituni, kwa mtu anayejua mti ule ulisimama wapi na nani aliruhusu ukatwe. Fundi wa Alps anayekuambia mti wa skii yako ulitoka bonde lipi anafuata njia ile ile ya mwanakijiji wa Kilwa.

Kwetu hapa Meru miti ipo. Juu kuna msitu wa asili wa podo na mitarakwa, ambao ni wa kulindwa, na maji yetu yanautegemea. Mtarakwa ndio ule mti ambao zamani ulipelekwa kutengenezwa penseli. Chini yake kuna shamba la miti la serikali la Meru na Usa, misonobari na misaiprasi kwa safu. Olmotonyi kuna chuo cha misitu kilichoanza mwaka 1937, na Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, ambako vijana hufundishwa kupasua na kukausha mbao. Katika mashamba ya kahawa na kwenye mipaka ya vihamba kuna migrevilea, mti uliotoka Australia ukapata kazi ya kuipa kahawa kivuli.

Tusisahau kwamba miti nayo inaugua. Ule ashi wa Ulaya unaliwa na kuvu ambao madhara yake yalionekana kwanza Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukasambaa bara zima, na misitu mingi ya ashi inakufa ikiwa imesimama. Mafundi wa skii wanaupoteza mti wao na theluji yao kwa pamoja. Sisi mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliona misaiprasi ikigeuka rangi ya kutu kutoka juu hadi chini kwa ajili ya vidukari walioingia Malawi mwaka 1986 wakapanda kuja kaskazini. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka baba akisimama mbele ya mstari wa misaiprasi iliyokauka, kofia mkononi.

Tunachokosa, na hapa naomba mafundi wetu wanisikilize kwa nia njema, ni subira na ubao. Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa na kanuni: ubao ukauke mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu mti unakatwa Jumatatu, Alhamisi ni mlango. Mimi mwenyewe nililipa pesa nzuri kwa mlango wa chumba cha kulala, nikaahidiwa kuwa mbao ni kavu. Kiangazi cha kwanza ulipungua hadi mwanga wa sebuleni ukawa unaingia pembeni. Masika ukavimba, ukakataa kufunga. Sikumlaumu sana aliyeutengeneza. Mwenye mbao alimuuzia mbichi, naye ana kodi ya banda na watoto wa kusomesha, na mimi mteja nilikuwa nimemsukuma nikitaka mlango kabla ya Krismasi. Sote watatu tuliunyima ubao muda wake.

Ubao hupungua zaidi kufuata duara za mti kuliko kukatisha duara hizo, na kwa urefu karibu haupungui kabisa. Ndiyo maana unajikunja. Seremala anajua hili kwa macho hata kama hajawahi kulisoma. Fundi wa skii hawezi kulipuuza hata siku moja, kwa sababu kosa lake mteja atalihisi akiwa kwenye mwendo wa kasi mlimani. Nafikiri tungechonga milango yetu kama mtu atakayeteremka nayo mlima.

Baada ya chakula kile cha mchana sikutulia. Nilipiga picha za zile mbao, nikachukua vipimo kwa kamba, nikaenda mtaa wa Unga Limited kwa fundi mmoja ambaye namjua tangu tukiwa vijana. Sikumwambia ni kitu gani. Nilimwambia tu nataka ubao mrefu, mwembamba, utakaobeba uzito wa mtu katikati bila kuvunjika na utakaorudi ulivyokuwa. Akaniuliza swali moja: "Utakuwa unakanyagwa mara moja au kila siku?" Nikasema kila siku. Akatikisa kichwa, akaenda nyuma ya banda, akarudi na vipande vya mgrevilea vilivyokaa pale tangu mwaka juzi, vumbi limevifunika.

Akavipasua fito tano. Akaanza kuzipanga, moja hivi, moja vile, bila mimi kusema neno. Akazigundisha, akazibana kwa jeki alizotengeneza mwenyewe kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika. Kesho yake alipofungua, tuliuweka ule ubao juu ya matofali mawili. Akavua kandambili, akasimama juu yake, mtu wa kilo themanini na zaidi. Ubao ukalala. Akashuka. Ukainuka, lakini haukufika juu kabisa. Ulibaki umeinama kiasi cha unene wa sarafu.

Mimi nilifurahi mno. Yeye hakufurahi. Aliinama, akautazama kwa pembeni, jicho moja amefumba, akapitisha kidole kwenye mshono wa fito ya tatu. "Huyu wa katikati ana kifundo ndani," akasema. "Nilimwona, nikamwonea huruma." Ndipo nikamweleza habari yote, Kibo, mwaka 1912, babu wa Norwei, kitani na mwani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa randa. Kisha akaniuliza kama zile za ukutani zina kifundo. Nikafikiri. Nikamwambia hapana, hata kimoja.

Ameweka fito nyingine kumi darini, juu ya jiko la mke wake, mahali pakavu. Ameniambia nisiende kumuuliza kabla masika hayajapita.